Shuka ya Kupimia Jua

4 Juni

Mwanangu, Mwalimu Mkuu wangu,

Usishtuke kuona barua. Simu yangu ni nzima na vocha ninayo. Ila kwenye simu huwa unanikatiza kabla sijafika kwenye la maana, na hili nataka nilimalize bila mtu kuniambia "Mama, subiri kidogo." Kwa hiyo kaa chini, soma mpaka mwisho, kisha ukasirike.

Nahama. Hilo tulishakubaliana, wewe na mimi na daktari. Kifua changu hakiutaki tena mji huu, na baridi yake, na ukungu unaoingia mpaka kabatini. Mwenye nyumba naye kanipa mpaka mwisho wa Septemba nimwachie vyumba vyake. Tulichopishana ni mahali pa kwenda. Wewe uliposikia mama anahama, ukaenda moja kwa moja kununua rangi ya chumba. Mimi sikusema nakuja kwako.

Nashukuru, mwanangu. Chumba chako nakijua, ni kizuri, kina dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Lakini mimi ni dobi tangu hujazaliwa, na siku zote hizo nimekaushia nguo za watu chumbani, juu ya jiko la mkaa, kwa sababu nje hapa hakuna kinachokauka. Moshi na mvuke ndivyo nilivyovuta. Kabla sijaondoka duniani nataka kuanika nguo nje. Nataka jua. Nataka ardhi yangu mwenyewe ya kusimika nguzo za kamba, na nikiinua macho kutoka kwenye beseni nataka nione kitu kinachopendeza. Sidhani kama ni mengi.

Namna ya kuchagua nimeshaipata. Muuza kiwanja hakosi maneno matamu, kila pahali kwake pana joto na hewa safi. Mimi nimechukua shuka yangu nyeupe, ile nzito ya pamba. Kila nitakakokwenda nitailoweka, nitaikamua, nitaianika, kisha nitakaa chini niitazame. Shuka itanionyesha jua, upepo, vumbi, moshi wa jirani, na tabia ya jirani mwenyewe. Dalali atabaki na maneno yake.

Nisalimie mkwe wangu, na umwambie asijitie katikati.

Mama yako,
Dobi


13 Juni

Mama,

Shikamoo. Nimesoma mpaka mwisho na nimekasirika, kama ulivyoagiza.

Nikujibu kwa utaratibu. Rangi imeshakauka. Kitanda nimeshanunua, tena kifupi ili usipate taabu kupanda. Mapazia nimeyashona kwa mkono wangu, mimi ambaye hata kifungo cha shati kinanishinda. Walimu wenzangu wote wanajua mama yangu anakuja. Sasa niwaambie nini, kwamba anazunguka nchi nzima na shuka mbichi kwenye mfuko?

Ardhi ya nini, Mama? Nani atakuchotea maji ukiugua? Ukianguka na beseni, nani atakuokota? Umefua vya kutosha. Umenisomesha kwa mikono hiyo mpaka ngozi ikabambuka, sasa ni zamu yangu. Kupumzika si aibu.

Lakini kichwa chako nakijua, ndicho nilichorithi. Kwa hiyo nimekutafutia mwenyewe. Kuna mahali kando ya ziwa, wastaafu wengi wa serikali wamejenga huko. Nimeona picha: nyasi kama zulia, maji mpaka upeo wa macho, joto mwaka mzima. Mwalimu wetu wa hesabu ana shemeji yake pale. Nenda ukaone. Ukipapenda tutazungumza, na usipopapenda basi yaishe, uje nyumbani.

Na hilo jina la Mwalimu Mkuu liache. Kwako mimi ni mtoto.

Mwanao


29 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Ziwani nimekwenda.

Picha hazikukudanganya. Pale ni pazuri mpaka mtu anaona haya kupiga chafya. Nilisimama nikasahau hata mguu unaniuma. Nikaomba maji, nikaianika shuka kwenye ua wa kiwanja kinachouzwa. Kwanza ulikuja ukungu kutoka majini, ukakaa mpaka karibu adhuhuri. Ukungu ulipoondoka vikaja vidudu vidogo, wingu zima, vikaipenda shuka yangu kama vimetumiwa mwaliko. Jioni nimeianua bado mbichi, na ina madoadoa.

Hapo sijakuambia ya wastaafu. Kabla sijakaa vizuri alikuja mmoja akauliza shuka ni ya nani. Nikasema ni yangu. Akaja wa pili na mkewe, akaja na huyo shemeji wa mwalimu wenu wa hesabu. Kumbe wana kamati, na kamati imepiga marufuku nguo kuanikwa zinapoonekana kutoka barabarani. Nikawauliza, zenu mnakaushia wapi? Mwisho yule mama akaninong'oneza kwamba wanazitundika chumbani, na zinanuka. Nikamwambia mimi pia naishi hivyo hivyo, tena bila kamati.

Kutoka hapo nikateremka mpaka tambarare. Huko jua ni jua kweli. Shuka ilikauka kabla sijamaliza chai yangu, nikaanza kucheka peke yangu. Halafu ukapita upepo. Nilipoianua ilikuwa nyekundu kwa vumbi, mpaka mchuuzi mmoja akaniuliza naiuza bei gani, akidhani ndiyo rangi yake. Ardhi ni kubwa mpaka macho yanachoka, lakini maji ni ya kununua kwenye madumu. Dobi bila maji atafua kwa mate? Nikafunga mfuko wangu.

Nimechelewa kuandika kwa kuwa niliporudi nilikaa siku chache kwa rafiki yangu. Mwandiko ukiuona unayumba ni kalamu tu, inavuja.

Sijakata tamaa. Kwenye basi nilikaa na mwanamke anayeuza miche ya matunda. Anasema upande wa pili wa milima hii hii yetu kuna mteremko ambako mawingu hayavuki. Nitakwenda nikaone.

Mama yako


8 Julai

Mama,

Shikamoo. Kalamu haivuji. Jirani yako mshona viatu amenipigia simu. Huyo rafiki uliyekaa kwake ni wodi ya wanawake, na ulipelekwa kwenye mkokoteni wa mkaa kwa kuwa gari halikupatikana. Umewekewa oksijeni, Mama, halafu unaniandikia habari za vidudu.

Sasa ndiyo nimeelewa kwa nini unaandika barua. Mimi sikukatizi. Kikohozi ndicho kinachokukatiza, na hukutaka nikisikie. Nimejifungia ofisini nimelia mpaka karani akaniletea maji bila kuuliza kitu.

Mchezo umekwisha. Jumamosi nakuja na gari. Funga vitu vyako. Shuka iache.

Mwanao


16 Julai

Mwanangu,

Najua ulikuta kufuli. Mshona viatu ameniambia ulikaa kwenye ngazi yangu muda mrefu, umejikunyata ndani ya koti, hukutaka hata kuingia kwake kunywa chai. Imeniuma. Lakini ningekuwepo ungenitia garini, na sina nguvu za kukukatalia uso kwa uso. Ndiyo maana niliondoka Ijumaa. Wodi nayo nilikuficha kwa sababu hiyo hiyo, nilijua utakuja na gari.

Sasa nisikilize, maana sijawahi kukuandikia jambo kubwa kama hili. Nimepapata.

Ni mteremko, si mkali sana. Unapanda kwa miguu kutoka barabarani, pikipiki haziwezi. Juu kuna jukwaa la ardhi lililozungushiwa kuta za mawe, zimepangwa bila saruji na hazitikisiki. Kijito kinapita pembeni, maji yake ni laini, sabuni inatoa povu ukiigusa tu. Mbele yako bonde lote liko wazi, mto unazunguka huko chini, na ng'ambo milima mitatu, mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja umefifia kuliko uliotangulia. Mawingu ya mji wetu yanaonekana yakijikusanya juu ya kilele, yanachungulia, hayashuki. Jua linaingia asubuhi likiwa pole, likikaa linakaa.

Shuka niliianika kwenye kamba ya kuazima. Upepo wa pale unainua nguo taratibu na kuishusha, hauivuti. Ilikauka sawasawa, pindo na katikati, ikawa nyeupe kuliko nilivyoinunua. Niliitia usoni nikaivuta harufu yake, mwanangu, nikalia mbele ya watu.

Ila kuna kikwazo, na kikwazo chenyewe ni wewe.

Mwenye ardhi ni fundi mawe mstaafu, ndiye aliyezijenga zile kuta. Mtu mkavu, hana maneno mengi. Bei tumeelewana, na akiba yangu inatosha. Lakini zamani alimuuzia mzee mmoja kipande cha ardhi, mzee akafariki, watoto wakaja na wakili wakisema baba yao alirubuniwa. Kesi ikamla miaka. Tangu hapo hauzii mtu wa umri wangu mpaka mtoto wake aje asimame mbele ya majirani, aseme kwa mdomo wake mwenyewe kwamba anaridhia. Nimembembeleza, nimemtania, nimemnunia. Hasogei. Amenipa mpaka Jumamosi ya pili ya Agosti. Baada ya hapo atamuuzia mtu wa matofali, naye anataka kuichimba ardhi yote apate udongo.

Sikuombi ruhusa. Nakuomba uje.

Mama yako


24 Julai

Mama,

Shikamoo. Sitakuja.

Nimeandika barua hii mara kadhaa na kila nikijaribu kuipamba inaharibika, basi nitasema wazi. Siwezi kusimama mbele ya watu niseme naridhia wakati siridhii. Ulinilea mwenyewe nisiseme uongo. Umetoka wodini juzi, leo unataka nikukabidhi kwenye mlima ambao hata pikipiki haifiki. Ukibanwa na kifua, nani atakuteremsha? Huyo fundi mawe mkavu?

Na kuna jambo jingine, nimeona haya kulisema. Kile chumba sikukipaka rangi kwa ajili yako peke yako. Watoto wako shule za bweni. Baba yao kazi yake unaijua, wiki yuko, wiki hayuko. Narudi jioni kutoka shule yenye watoto mia sita, nafungua mlango, nyumba iko kimya mpaka nasikia jokofu likipumua. Nilijiona nimekaa na wewe jikoni unanisimanga kwa jinsi ninavyokunja nguo. Ndiyo ndoto yangu, Mama. Wewe una ndoto ya mteremko na mimi nina ndoto ya jikoni, na mama ni mmoja.

Nisamehe.

Mwanao


31 Julai

Mwanangu,

Marahaba, na hakuna cha kusamehe. Barua yako nimeisoma nikiwa napiga pasi nikaunguza kola ya hakimu.

Sitakusihi tena. Ungesema uongo kwa ajili yangu ningejiona nimekulea vibaya. Jumamosi hiyo nitapanda mteremko peke yangu, nitamwambia fundi mawe kweli: nina mtoto mmoja, ni mtu mzima mwenye akili zake, na haridhii. Huenda atalegea. Asipolegea nitamshukuru, nitateremka, na mwisho wa Septemba nitakuja kwako. Nitalala kwenye kitanda kifupi. Nitakusimanga jikoni. Wala sitanuna, nakuahidi, ingawa usoni utaniona.

Hivyo huna haja ya kufanya chochote. Ukikaa tu nyumbani kwako, umeshanipata.

Ila nataka ujue kitu kimoja, usije ukadhani mama yako ni mkaidi wa bure. Unaniambia nipumzike. Mimi sijui kupumzika kwa kukaa. Mapumziko ninayoyajua ni ule muda mfupi baada ya kibanio cha mwisho, ninapoweka mikono kiunoni na kutazama kamba nzima, nguo safi za watu zote ziko juu na hakuna la kufanya mpaka zikauke. Huku mjini muda huo sijawahi kuupata, kwa kuwa chumbani nguo zikishatundikwa unachochea jiko na kutoka mbio. Nimefanya kazi hii maisha yangu yote sijawahi kufika kwenye utamu wake. Kule mteremkoni niliufikia, kwa shuka moja tu.

Basi. Usilie ofisini, karani atachoka kubeba maji.

Mama yako


19 Agosti

Mama,

Shikamoo. Nimefika salama, na bado nina matope ya mteremko wako kwenye viatu, sitaki kuyapangusa.

Jumamosi ile hatukupata nafasi ya kuzungumza, watu walikuwa wengi na wewe ulikuwa huambiliki kwa furaha. Kwa hiyo nakuandikia sasa, kwa sababu kuna jambo hulijui. Unafikiri nilikuja kukusaidia. Sikuja kwa ajili hiyo. Nililala hoteli ya barabarani na kupanda asubuhi mapema ili nikutangulie, nimwambie fundi mawe kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba hapana. Niliogopa atakuonea huruma akakuuzia bila mimi.

Na nilimwambia. Alinipa kiti, majirani wakasogea, nikasema mimi ndiye mtoto wake, mama yangu ni mgonjwa, siridhii. Akaitikia kwa kichwa. Akasema, "Sawa, mwalimu. Basi limekwisha." Hakunilaumu. Akarudi kwenye ukuta wake kuchokonoa jiwe. Mimi nikabaki nimekaa na ushindi wangu, nikikungoja ufike nikuchukue.

Ndipo nikasikia sauti yako, kabla sijakuona. Ilikuwa inatoka chini kabisa, kule kwenye kona ya kwanza. Ulikuwa unagombana na kijana wa pikipiki aliyekataa kukubebea mfuko. Mara ya kwanza sikushangaa, nakujua. Lakini ugomvi uliendelea. Yeye alibaki chini, wewe unapanda na unaendelea. Ulimsema yeye, ukamsema aliyemfundisha pikipiki, ukarudi ukamsema tena mwanzo mpaka mwisho, sentensi ndefu, bila kituo. Nilikuwa nimesimama, Mama, nimeshika ukuta, nangoja kikohozi. Pale kwako mjini huwezi kumaliza kuniuliza kama nimekula. Hakikuja. Ulipanda mteremko wote ukitukana kwa pumzi moja, na mwisho ukacheka, na kicheko nacho ukakimaliza.

Sijakusikia ukimaliza kicheko tangu nikiwa msichana. Nilikuwa nimeshasahau kinavyoishia.

Nikamgeukia fundi mawe nikamwambia, nililosema nimelifuta, naridhia. Akasema, "Sikusikia, na hawa nao hawajasikia." Mtu mgumu yule. Basi nikatoa sauti ya gwaride la asubuhi, ile inayofika mpaka choo cha wavulana, nikasema: "Huyu ni mama yangu, anahamia hapa, na mimi mtoto wake naridhia, leo na siku zote." Bonde likaitikia. Ulivyoibukia pale juu ukauliza, "Huyu anayenipigia kelele kwenye ardhi yangu ni nani?" watu wakaangua kicheko, na mimi nikakukumbatia ili usione uso wangu.

Mkwe wako amepata likizo, atakuletea nguzo na kamba, na anauliza kama sasa anaruhusiwa kujitia katikati. Mapazia nimeyashusha. Nitayaleta mwenyewe shule zikifungwa, na nitakaa likizo nzima, ukitaka usitake. Huko kwako jikoni kutakuwepo pia, nadhani.

Mwanao


27 Septemba

Mwanangu,

Marahaba, na hongera kwa kusema kweli, ila umechelewa. Ile hapana yako fundi mawe alinieleza siku ile ile, kabla hata hujafika barabarani. Aliona nina haki ya kujua nimeuziwa kwa jibu la pili. Nilinyamaza nikangoja kuona kama utalisema. Umelisema. Nimeikunja barua hiyo nimeiweka pamoja na hati ya ardhi, maana kwangu ni vya thamani moja.

Nimeshahamia. Nguzo zimesimama, mkwe wangu amezichimbia kana kwamba anazika hazina, na nimempa cheo cha fundi mkuu wa kamba, anajisifu nacho kijiji kizima. Ule mgogoro na kijana wa pikipiki umekwisha, sasa ananibebea mizigo kutoka barabarani, na akilalamika namsema tu kidogo ili tusisahauliane. Zahanati ya bondeni imenipa shuka zake zote. Hoteli ile uliyolala ilileta shuka zake kwa majaribio, siku ya pili wakaleta na mapazia, na siku ya tatu mpishi akaja mwenyewe na aproni zake mkononi. Nimewachukua wanawake wawili wa jirani tufanye pamoja. Mmoja anakunja nguo vibaya kuliko wewe, kwa hiyo sina upweke.

Juzi tulianika kamba zote kwa mara ya kwanza. Mteremko mzima ulikuwa mweupe. Watu wa ng'ambo ya mto walisimama kutazama, na mtu wa matofali alipita barabarani akasimamisha lori lake. Niliweka mikono kiunoni nikakaa hivyo muda mrefu, fundi mawe akaniuliza kama nimeumwa mgongo. Nikamwambia niache, nipo kazini.

La mwisho sijawahi kumwambia mtu. Kule mjini, miaka hii yote ya mwisho, nilikuwa silali, nilikuwa nakaa. Nilipanga mito nyuma ya mgongo nikasinzia nimeegemea ukuta, kwa kuwa nikijilaza napaliwa. Ulipokuja likizo ulinikuta nimeshaamka kila siku, ukawasifia watoto jinsi bibi yao alivyo mchapakazi. Nikakuacha usifie. Tangu nifike hapa nimekuwa nikiondoa mto mmoja, nasubiri siku chache, naondoa mwingine. Jana ulibaki mmoja tu, kama kwa watu wote. Nilijinyoosha chali, mwanangu, nikapumua, nikasubiri, hapakutokea kitu. Kufumbua macho, jua limejaa chumbani, wale wawili wanabisha hodi, na kijana wa zahanati yuko nje anauliza shuka zake. Wakaulizana kama dobi ni mzima. Dobi alikuwa mzima. Alikuwa amechelewa kazini kwa sababu ya usingizi, kwa mara ya kwanza maishani mwake, na hakumwomba mtu radhi.

Mama yako